Makazi Tu!

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira mpaka nimejichoma sindano. Bora niandike, la sivyo nitamshonea mteja mkono wa kushoto upande wa kulia.

Habari yenyewe ni hii. Leo nilikwenda ofisi za halmashauri kumpima sketi yule katibu wa mapokezi, maana yeye hana muda wa kuja kwangu. Nimepiga magoti napima pindo, naona karatasi. Imebandikwa ukutani chini kabisa, nyuma ya mlango ambao siku zote uko wazi! Asome nani — mjusi?

Nikasoma mimi. Nikiwa hapo hapo magotini, pini mdomoni.

Mtaa wetu unabadilishwa matumizi. Kutoka "makazi" kuwa "biashara na maghala". Kampuni fulani imechukua kile kiwanja kikubwa cha mwisho wa mtaa, inataka kuweka yadi ya malori. Malori! Kwenye barabara ambayo gari la taka likiingia tu, sisi tunaingiza viti ndani. Wakazi wafike Jumamosi tarehe 15 kutoa maoni. Asiyefika atahesabiwa amekubali. Imeandikwa hivyo hivyo, bila hata aibu.

Kumbe ndiyo maana wameibandika chini.

Nimemwambia baba watoto. Yeye ni mlinzi wa usiku: analala mchana nyuma ya pazia, mimi nashona mbele ya pazia, ndiyo ndoa yetu hiyo. Akafungua jicho moja. Akauliza malori mangapi. Nikasema mengi. Akajifunika uso kwa mto, lakini hakulala tena, nimemsikia akigeuka kama chapati — hapana, chapati ina mtu wa kuigeuza. Akigeuka tu.

Sikubali. Wallahi sikubali.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza na wifi. Ni dada yake baba watoto, nyumba ya pili kutoka kwetu, msusi. Uzuri wa msusi ni kwamba wateja wake hawawezi kukimbia, kichwa kiko mikononi mwake. Nimesimama mlangoni nikahutubia vichwa vitatu kwa mpigo! Wifi akaacha kusuka, kitana hewani. Akasema hao wanaoleta malori wana mama kweli? Akasema nimhesabu, na wateja wake niwahesabu, wapende wasipende.

Kisha seremala, nyumba inayotazamana na yangu. Huyu ni mgumu. Akiwa na randa mkononi hasikii mtu. Nikangoja. Mwishowe akasema wakubwa wakishaamua wameamua, sisi ni nani? Nikamwambia hawajaamua, wanauliza! Akasema anayeuliza kwa karatasi iliyobandikwa chini haulizi. Hapo nikakasirika zaidi.

Najua kinachomsumbua. Karakana yake ya kwanza, huko alikotoka, ilibomolewa na greda, yeye akiwa ametoka kwenda kununua misumari. Aliporudi alikuwa na misumari tu. Ndiyo maana akahamia huku, kwenye mtaa wa watu wanaofanya kazi chumba cha mbele na kulala chumba cha nyuma. Alisema hapa hakuna wa kumuona.

Lakini mtaa mzima unamsikiliza yeye. Nikimpata huyu nimewapata wote.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempata!!

Siyo kwa maneno yangu. Ni lori. Lori moja tu, limekuja kupeleka mawe kule kiwanjani. Likakwama penye kona. Likarudi nyuma, likagonga ukingo wa mtaro wa maji machafu, likatifua vumbi, na vumbi lote likaenda kutua juu ya kabati la seremala, lililopakwa vanishi asubuhi ile. Kabati limeota manyoya!

Akatoka nje. Hakupiga kelele. Alivuka barabara, akaingia kwangu, akasema: Haya, mama. Tunasema nini hiyo Jumamosi?

Nikasema tunasema hivi — na neno likanijia lenyewe, sikulitafuta — tunasema MAKAZI TU! Sheria yao wenyewe inasema hapa ni makazi. Basi iwe makazi. Makazi tu! Hakuna biashara, hakuna ghala, hakuna injini. Watu wanalala hapa, watu wanalea hapa.

Akalijaribu mdomoni. Makazi tu. Akasema ni fupi, linapigilika kama msumari.

Nimeshona bango leo hii hii. Kitambaa cheupe, herufi nyekundu, nimezungushia uzi wa zigizagi zisichanike. Mashine imelia mchana kutwa. Baba watoto ametoka nyuma ya pazia macho mekundu, akasoma, akarudi kulala. Kwake hiyo ni kura ya ndiyo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku gani hii! Mwandiko umekuwa wa daktari.

Tumekutana nje kwa seremala. Nilidhani watakuja wachache, wamekuja mpaka wanaosalimiana mara moja kwa mwaka. Fundi baiskeli amekuja. Mama wa maandazi amekuja na sinia lake kichwani na hakuuza hata moja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Hata Mzee Haraka amekuja. Tunamwita hivyo kwa sababu akianza kuvuka barabara asubuhi, atafika ng'ambo wakati wengine wanakula cha mchana. Yeye alihamia mtaani kabla yetu wote. Alianza safari ya kuja mapema, amefika mkutano unaanza.

Seremala akasema panda mezani uonekane. Nikapanda. Nikasema kidole kimoja hakivunji chawa! Nikasema watoto wetu watavuka vipi? Nikasema anayelala mchana alale wapi? Nikasema hatuombi hisani, tunadai haki yetu, na sheria iko upande wetu: hapa ni makazi, makazi tu! Wakaitikia. Tena. Makazi tu! Mabati yalitikisika. Mimi, ambaye kwenye vikao vya shule naomba ruhusa ya kukohoa!

Nilipotaka kushuka, miguu haikuja. Vanishi ya meza ilikuwa bado mbichi. Nimeacha viatu juu ya meza nikashuka peku, watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya hotuba.

Jumapili, 9 Machi

Sauti imekwisha. Nanong'ona. Watoto wa mtaa wanaimba makazi tu kwa kuruka kamba. Nina furaha mpaka naona haya.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi. Nianzie na suruali.

Kuna afisa wa mipango miji anayekuja kupima barabara yetu. Daima ana mikunjo ya ramani kwapani, kwa hiyo tumempachika jina Bwana Ramani. Leo mchana naona mtu anaingia kwangu kinyumenyume. Nikadhani mwizi aliyeanza kurudi kabla ya kuiba. Ni yeye, amejiziba nyuma kwa ramani. Akasema, mama, samahani, nina dharura. Akaondoa ramani. Alikuwa anaruka ua wa seng'enge kule kiwanjani, na seng'enge imebaki na makalio mazima ya suruali!

Adui ni adui, lakini fundi ni fundi. Nikampa kipande cha kitambaa cha pazia ajifunge, nikachukua suruali. Akakaa kwenye stuli, maua makubwa ya njano kiunoni, ramani mapajani. Anashukuru sana. Anatazama huku na huku. Mashine mbili, pasi, meza ya kukatia, nguo za wateja zimening'inia hadi dirishani.

Akasema taratibu: Mama, hii ni karakana.

Nikasema ni chumba changu cha mbele.

Akasema ndiyo, naona. Na yule ng'ambo ana msumeno wa umeme. Na yule dada anasuka. Na kule fundi baiskeli. Mtaa mzima mnafanya kazi majumbani. Na nyinyi ndio mnaosema makazi tu?

Nikasema kwa majivuno — Mungu nisamehe — ndio sisi.

Akakuna kichwa. Akafungua ramani moja, akanionyesha mtaa wetu, rangi ya njano, na pembeni maelezo kwa herufi ndogo. Makazi ni kulala, kupika, kulea. Si kushona kwa malipo. Si kuranda mbao. Siku zote hakuna aliyefuatilia kwa sababu hakuna aliyeuliza. Lakini Jumamosi mkisimama na kudai sheria ifuatwe neno kwa neno, na mkashinda, itafuatwa neno kwa neno. Ghala halitajengwa. Na Jumatatu yake atatumwa mtu kupita nyumba hadi nyumba. Akasema huyo mtu huenda akawa yeye, na hataki.

Mashine ilisimama. Mguu wangu tu ndio ulisimama, lakini niliona kama dunia nzima imekatiwa umeme.

Nikamuuliza, kwa hiyo ama malori, ama tufunge? Hakuna lingine?

Akatazama dari. Akasema kanuni zina aina nyingine, matumizi mchanganyiko: nyumba na kazi ndogo za mwenye nyumba, bila maghala, bila magari makubwa. Ipo tangu zamani. Hakuna mtaa uliowahi kuiomba. Ofisi haiwezi kuipendekeza, mpaka wakazi wenyewe waitake, mkutanoni, wote wasikie. Kisha akasema: Na mimi sijasema kitu, nimekuja kushonewa suruali.

Hapo hapo pazia likafunguka. Baba watoto. Akaona mwanamume mgeni, amejifunga maua ya njano, suruali iko mikononi mwangu. Bwana Ramani akasimama kusalimia, kitambaa kikataka kuanguka, akakaa tena. Nikasema kwa haraka, ni mteja. Baba watoto akasema naona. Akasema, mteja, karibu maji.

Tungecheka mpaka kesho, kama si mlango kuwa wazi. Na mama wa maandazi alikuwa anapita.

Jumatano, 12 Machi

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Nimemwambia wifi yote, tangu mwanzo. Nilidhani ataruka juu kwa furaha kwamba tumejua mapema. Alisuka nywele mpaka mwisho wa mstari, akafunga, ndipo akasema: Wiki nzima umetuimbisha makazi tu. Leo unasema tuseme kitu kingine, na hicho kitu umeambiwa na mtu wa halmashauri, akiwa hana suruali, ndani kwenu.

Nikasema wifi, suruali ilichanika!

Akasema yeye anajua. Anamjua kaka yake na ananijua mimi. Lakini mtaa una masikio yake, na mtaa umeshasikia kwamba nimenunuliwa. Wengine wanasema nimeahidiwa tenda ya kushona sare za madereva wa malori. Sare! Nani ana akili ya kutunga mambo haya? Ningempa kazi.

Kisha akasema lililomuuma hasa. Yeye hana mume, hana chumba kingine, kile chumba cha mbele ndicho kinachomlisha yeye na mwanawe. Nilikwenda kukitangaza mbele ya sheria kwa kelele, juu ya meza. Akasema: Mchuma janga hula na wa kwao, wifi. Akageukia mteja.

Nimelia. Nimelia kwa hasira kwanza, halafu kwa sababu ni kweli.

Seremala hakutaka hata kusikia. Alisema mwanamke aliyepanda meza Jumamosi alikuwa na maneno matamu na mafupi, yeye atamfuata huyo. Maneno ya huyu wa Jumatano ni marefu. Nikamwambia huyo wa Jumamosi alikosea, msumeno wako ndio utakuwa wa kwanza kuchukuliwa! Akawasha msumeno.

Alhamisi, 13 Machi

Nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango. Naanza: jamani, nilikosea. Watu hawapendi sentensi hiyo. Uso unajifunga kabla sijafika kwenye matumizi mchanganyiko. Kitu chenyewe kina jina baya! Nani ataruka kamba akiimba matumizi mchanganyiko?

Kila nipitapo watoto wananipigia kelele kwa upendo: Makazi tuuu! Nawapungia mkono, nifanyeje.

Mama wa maandazi amenisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama yule bwana ameoa.

Mzee Haraka naye amenisikiliza. Hakujibu. Huenda jibu liko njiani.

Ijumaa, 14 Machi

Leo baba watoto hakwenda kulala. Amekaa kwenye stuli ile ile ya Bwana Ramani, ananitazama nikipiga pasi. Nikamwambia nyamaza tu, najua. Akasema hajasema kitu. Akasema yeye kazi yake ni kukaa macho wengine wamelala, na amejifunza jambo moja: mlinzi akipiga filimbi kwa makosa, lazima apige tena. Akiogopa kuchekwa, mwizi anapita.

Basi nikacheka, mara ya kwanza tangu Jumanne. Kwa mtu anayesema maneno kumi kwa wiki, ametumia ya mwezi mzima.

Nitapiga tena! Kesho. Nimepiga pasi gauni langu la buluu na nimelipiga tena.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbini. Naandika gotini ili mikono ipate kazi. Dada aliyekaa kushoto anadhani naandika kumbukumbu za kikao, ameshanitajia jina lake niliandike vizuri.

Pamejaa! Mpaka madirishani. Asiyefika amekubali, haya, tumefika. Wifi yuko mstari wa mbele, hajanitazama. Baba watoto amesimama nyuma na sare ya kazi, amenyooka kama analinda ukumbi.

Mtu wa kampuni, mwenye suti, ametuonyesha picha ukutani. Malori yanang'aa kama ya kuchezea, na mtaa una miti ambayo sisi hatujawahi kuiona. Kasema ajira mara nyingi. Watu wakapiga kelele za makazi tu, akakaa.

Mwenyekiti wa kikao anaeleza utaratibu. Hapa hawahesabu mikono, maana mkutano uliopita mikono ilizidi vichwa. Mtu ahame na kiti chake: wanaotaka ghala, kulia, dirishani. Wanaotaka makazi, kushoto, mlangoni.

Nimeinua mkono. Nasimama.

*

Nimesema. Nimesema kelele za wiki ile zilikuwa zangu na kosa ni langu. Nimesema hatutaki malori, na pia hatutaki kufunga milango yetu ya mbele, na kanuni inayoturuhusu yote mawili ipo. Wengine wamezomea. Mmoja kaita: Suruali! Ukumbi umeangua kicheko.

Mwenyekiti akasema hilo la tatu halimo kwenye ajenda. Akamuuliza Bwana Ramani kama limo kwenye kanuni. Bwana Ramani alitazama dari, halafu akaacha kutazama dari. Akasema: Limo, mwenyekiti. Wakazi wakiliomba.

Mwenyekiti akauliza, wako wapi hao wakazi? Hameni.

Viti vikaanza. Kulia, suti na wachache wake. Kushoto, mtaa wangu wote, wanaimba neno langu mimi mwenyewe. Mimi nimebeba kiti nimekiweka katikati ya njia. Nimekaa. Peke yangu, jamani! Naandika nisimtazame mtu usoni.

Baba watoto kaja kusimama nyuma yangu. Mwenyekiti anasema wa katikati wachague upande. Nimesema tumechagua.

Mzee Haraka yuko katikati. Hakuna anayejua kama ametuchagua au anavuka tu hajafika. Mwenyekiti anamngoja. Ukumbi mzima unamngoja. Anashusha kiti chake. Anakaa. Anasema: Nimefika.

Walio kushoto hawaimbi tena, wanatazamana.

Kiti kinaburuzwa. Sitainua kichwa. Nimeinua — ni wifi! Amekuja na kiti, amekiweka pembeni yangu, bega kwa bega. Anatazama mbele, amekunja mikono. Na wateja wake wawili wanafuata, mmoja kasukwa nusu.

Fundi baiskeli anakuja. Mama wa maandazi amesimama, amekaa, amesimama tena.

Mwenyekiti anasema waliohama mara mbili hawatahesabiwa. Bwana Ramani anamwambia kitu sikioni. Wanabishana.

Nyuma ya seremala wako nusu ya mtaa, hawamwondolei macho: akihama, nao watahama. Na yeye ananitazama mimi. Ameushika mgongo wa kiti chake kwa mkono mmoja, bado hajakiinua.